Nimemsengenya mama mkwe kwa mama mkwe mwenyewe, chanzo nyanya

Wakuu, mwakeye. Kwa wasiojua Kiha hiyo ni salamu ya asubuhi, na kama unasoma jioni ipokee hivyo hivyo.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, Fundi Rejeta, Jumamosi moja mchana kweupe pale Buzebazeba, Ujiji. Chumvi sijaongeza. Kilichoongezwa ni nyanya, na mtaona ilivyokuwa.

Kwa wageni: humu jukwaani tuna uzi wa miaka mingi unaouliza swali moja tu. Mgebuka, yule samaki wetu wa ziwani, akipikwa kwa mawese anawekwa nyanya au hawekwi?

Kwenu huko mnaweza kuona ni jambo dogo. Huku Kigoma watu wameblokiana kwa ajili hiyo.

Mimi ni timu nyanya, tena bila aibu. Nimezaliwa Kasulu, ndiyo maana wananiita mtu wa milimani, eti sisi samaki tumemjua juzi na nyanya tunaweka kwa uoga.

Mwanzoni nilikuwa na mtetezi mmoja mkubwa, ID yake Nahodha Mstaafu. Alisema amepeleka boti ya abiria Kagunga nusu ya maisha yake, na mgebuka bila nyanya ni samaki aliyeoga mafuta akasahau kuvaa. Hiyo sentensi nilitaka kuichapisha kwenye fulana.

Halafu akapotea. Siku arobaini hivi, kimya.

Aliporudi alisema alikuwa safarini, mtandao mbovu. Na ujumbe wa kwanza tu aliandika: "Mgebuka wa mawese hawekwi nyanya. Anayetaka nyanya akale kachumbari."

Wakuu mnakumbuka kelele za siku ile. Tulimwita msaliti, tukamuuliza amehongwa nini. Hakuyumba. Tangu hapo tumebishana naye miaka minne, mimi nikimwita mkuu, yeye akiniita dogo.

Sasa ukibishana na mtu miaka minne mnakuwa ndugu. Nikawa namfuata PM kwa mambo yangu. Rejeta ikinishinda namweleza, nikiumwa namweleza. Na nilipompata Zaina, binti wa Ujiji, nikamweleza pia, ila jina la binti sikulitaja.

Nilimwambia binti ni dhahabu, tatizo ni mama. Mama anauza mawese sokoni, ni mjane, na siku nilipopita mezani kwake kununua lita mbili ili tu anione, aliniangalia kama anakagua samaki aliyelala.

Nahodha alicheka sana. Aliweka vile vikatuni vya kulia machozi, mstari mzima. Akaniambia wamama wa namna hiyo anawajua, ana jirani yake wa hivyo hivyo.

Siku ya kwenda kuposa ilipokaribia, nikamwomba ushauri. Akanijibu kama baba: "Vaa kanzu iliyonyooshwa. Mwache mshenga aongee. Ukiandaliwa chakula, kula umalize, na habari za nyanya usizitaje."

Nikasema huyu ndiye mkuu wa kweli.

Basi Jumamosi tukaenda, mimi na mshenga wangu Mzee Hamisi, jirani yangu wa Mwanga. Tukapokelewa na baba mdogo wake Zaina, maana baba mzazi alishafariki. Tukakaa mkekani. Zaina yuko chumba cha ndani kama desturi, mama yuko jikoni, kati yetu na jikoni kuna pazia la maua.

Mazungumzo yakaanza vizuri. Baba mdogo akasema wao hawana neno, ila kauli ya mwisho ni ya mama, akikubali amekubali na akikataa hakuna wa kumgeuza.

Chakula kikaja. Ugali wa muhogo, na mgebuka wa mawese. Mwekundu, anang'aa, ananukia mpaka barabarani.

Bila nyanya. Hata ya dawa.

Hapa ndipo ujinga wangu ulipo, na sitauficha. Wazee walikuwa wanaongelea treni. Nikaona nafasi, nikachomoa simu, nikapiga picha sahani kwa siri, simu nimeikinga na kanzu, nikamtumia Nahodha.

Jikoni ikalia: ting.

Sikushtuka. Simu zinalia kila nyumba. Nikaandika: "Mkuu, mama mkwe ni wa timu yako, hakuna nyanya, niombee nimeze."

Ting.

Bado sikuelewa, wakuu. Mimi nafungua injini za watu na kuzifunga zikawaka, lakini siku ile kichwa kilizimika. Nikaongeza: "Na leo ameniangalia tena vilevile. Kama anakagua samaki aliyelala."

Ting.

Mwiko uliokuwa unakwangua sufuria jikoni ukasimama.

Jibu likaingia: "Dogo. Geuka nyuma."

Nikageuka. Pazia limefunguliwa kidogo. Mama Zaina amesimama, mtandio kichwani, miwani puani, simu mkononi. Ananiangalia kama, basi, mnajua kama nini.

Nilitamani nigeuke mvuke nitokee dirishani. Mzee Hamisi akaniuliza kama mwiba umenikwama. Nikasema ndiyo, Mzee. Akanipa tonge la ugali nimeze bila kutafuna.

Pazia likafungwa. Na huku kwetu mkwe na mama mkwe hawakai wakahojiana uso kwa uso, hasa siku ya posa. Kwa hiyo, wakuu, kesi yangu ilisikilizwa PM. Yeye jikoni, mimi mkekani, hatua nne, tunachati. Baba mdogo akanong'ona kwamba vijana wa siku hizi simu zimewaharibu. Mzee Hamisi akakubali kwa masikitiko.

Nikaandika: "Shikamoo mama. Nisamehe."

Akajibu marahaba. Akasema yule mama niliyekuwa namsema alidhani ni jirani yake, naye mjane muuza mawese mwenye binti, ndiyo maana alicheka sana, na sasa ametubu kwa kile kicheko.

Nikamuuliza kwa nini anajiita nahodha.

Yakaja maneno marefu. Akaniambia Nahodha Mstaafu alikuwa mume wake. Yule wa mwanzo, mtetezi wangu. Alipofariki, mama alikaa eda, na arobaini ilipopita akaifungua simu ya marehemu atafute picha. Akakuta jukwaa letu.

"Miaka ishirini na sita alikula mchuzi wangu akisema mtamu," aliandika. "Hakuomba nyanya hata siku moja. Kumbe alikuwa anakuja kuwaambia nyinyi. Nilikasirika, dogo. Nikaingia ili nimjibu. Na nikishamjibu narudi kusoma alivyoandika, naona kama bado tunagombana."

Wakuu, mimi machozi yalinitoka pale pale, mkononi nina mgebuka. Mzee Hamisi akajua ni ule mwiba, akanipiga mgongoni.

Miaka minne tulimwita msaliti. Kumbe mtetezi wangu alikuwa ameshazikwa, na aliyekuwa ananijibu alikuwa anambishia mumewe.

Halafu likaja swali. "Jibu kweli, maana nikikuona unanidanganya mahari yako itarudi na wewe Mwanga. Mwanangu anapika kama mimi. Utakula?"

Nilijua hapa ndipo Zaina anapatikana au anapotea. Rahisi ilikuwa kuandika nimeacha nyanya tangu leo. Vidole vilishaanza kuandika hivyo, nikafuta.

Nikaandika: "Nitakula, mama. Na siku nikitaka nyanya nitamwambia yeye mezani. Sitakuja kuwaambia watu huku."

Akasoma.

Baba mdogo amemaliza habari za treni, ameanza za bei ya boti. Mimi naangalia pazia.

Kisha nikasikia kisu kwenye ubao. Mara moja tu, taratibu.

Pazia likafunguka, mama akatoka na bakuli la mchuzi, amejitanda mtandio vizuri. Akaliweka mbele yangu bila kunitazama. Akamwambia baba mdogo kwamba yeye hana neno, watu wapange siku. Akarudi jikoni.

Ndani ya bakuli kulikuwa na nyanya moja, imekatwa vipande viwili.

Simu ikalia: "Nusu yako. Nusu ya Nahodha. Uile na yake, maana mimi siwezi."

Nikala zote mbili. Baba mdogo akaniuliza kwa nini mama ameharibu mchuzi, nikamsogezea ugali.

Zaina nilimweleza baadaye. Hakuniamini mpaka alipochukua simu ya mama, alidhani miaka yote mama anasoma mawaidha.

Uzi huu nimeruhusiwa na mhusika mwenyewe, kwa sharti niandike kwa herufi kubwa: MGEBUKA WA MAWESE HAWEKWI NYANYA. Nimeandika, mama.

Nilichojifunza: mkuu unayemtukana humu usiku na mchana unaweza ukamkuta jikoni kwa wakwe. Na kama kuna kitu unakitaka kwenye sahani yako, mwambie aliyepika. Usije kutuambia sisi halafu ukafa nacho.

Haya, tupeni maoni yenu, lugha iwe ya adabu, maana mkwe wangu anasoma.

Ukisema nyanya iwekwe, umesimama na Nahodha. Ukisema isiwekwe, umesimama na Nahodha.