Bilda Iliyoruka Mahali

Mwanangu, siku niliyoingia Mikumi naikumbuka kwa vumbi lake. Nilitoka Songea juu ya magunia ya mahindi, lori likaharibika Makambako, nikalala Iringa, kisha tukateremka Kitonga breki zikinuka. Tulipofika tambarare dereva akasema, "Dogo, hapa tunakula wali, kisha safari ya Dar." Yeye akaendelea. Mimi nikabaki hapo Mikumi. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake, na yangu ilikuwa imeshaliwa.

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na ujuzi wa programu niliojifunza kwenye kompyuta za kuazima. Dada Upendo, mzaliwa wa milima ya Kilosa aliyenizidi umri, alinipokea katika chumba kilicho nyuma ya duka la matairi. Tulikuwa tukitengeneza programu ya kuwaitia wajawazito pikipiki ya kuwapeleka kituo cha afya. Ah, chumba kile! Malori yakipita, vikombe vya chai vilicheza mezani.

Kazi yangu ilikuwa bilda, yaani sehemu inayokusanya jina, simu na mahali, kimoja baada ya kingine, kisha inaviunganisha kuwa ombi moja. Kuiandika kwa mkono kunachosha. Lakini kompyuta yenyewe ilijua kuiandika: unabofya, unachagua, na mistari inamwagika kama mahindi kutoka guniani. Nilijiona fundi.

Siku ya majaribio alikuja Baba Naserian, mfugaji ambaye mke wake alikuwa karibu kujifungua. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Nikamwuliza kijiji chake ili nichague kwenye programu.

"Kijiji?" akacheka. "Nyumba yangu inafuata majani, kijana. Wewe andika tu nipo."

Nikairuka sehemu ya mahali, nikaiacha tupu. Bilda haikunung'unika, ombi likaenda safi. Simu ya Shabani, dereva wa pikipiki, ikalia pale pale kibarazani.

"Broo, naona jina, naona namba ya simu. Niende wapi sasa? Nikaulize tembo?"

Tulicheka wote, isipokuwa Baba Naserian. Alinitazama akauliza polepole, "Kwa hiyo mke wangu angekaa anasubiri?"

Kicheko kikafa. Dada Upendo akavuta kiti karibu nami. "Mdogo wangu, kompyuta imekuandikia. Nani amesoma? Yenyewe haijui kwamba jina likikosekana mama atafika, ila mahali pakikosekana hafiki. Hilo unalijua wewe."

Akamgeukia mzee. "Shikamoo baba. Mgeni akitaka kufika kwako, unamwelekezaje?"

"Apite kisima cha pampu, afuate njia ya ng'ombe. Shemeji yangu atasimama njiani na shuka nyekundu."

Basi tukafanya hivyo. Bilda tukaiacha kompyuta iiandike, lakini tukaongeza kwa mikono yetu: ombi lisiende bila mahali, na mahali paandikwe kwa maneno ya mwenyewe. Wiki haikuisha, Shabani akaiona shuka nyekundu asubuhi. Mama alifika kituoni akijishika kiuno, akajifungua salama mtoto wa kike.

Nilikaa Mikumi misimu kadhaa, hadi miguu ikaanza tena kuniwasha. Siku niliyoondoka moja kwa moja, Dada Upendo alinisindikiza hadi barabarani, akanifungia mihogo ya kuchoma. Sijarudi. Nasikia chumba kile sasa ni saluni.

Mwanangu, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mashine ikikupunguzia kazi ya vidole, ishukuru. Ila usiiachie kazi ya kumfikiria mtu. Kabla hujasema kazi imekwisha, jiulize ni kipi kikikosekana mtu ataumia, kisha kamwulize mtu huyo mwenyewe. Kuuliza si ujinga. Mungu aibariki mikono yako, akujalie walimu wasiocheka pasipofaa kucheka, na kila anayekungoja umfikie.