"Home" ya Mama

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kule Uingereza mpangaji akitamka neno "home" anatozwa faini. Seremala mmoja wa Shauri Moyo ndiye aliyenieleza: neno lile ni la mwenye shamba lenye kaburi la babu yake, mpangaji ana "house" tu. Nikalimeza bila maji. Kwani sisi watu wa magharibi mwa Kenya tuliishi vipi? Hapa Mowlem, Nairobi, nalalia godoro lililochoka kuliko punda wa maji, na kule ushago, kijijini kwetu, nimejenga nyumba ya mabati mekundu yenye viti ambavyo havijawahi kukaliwa ila na panya.

Mama, niliyekuwa nikiishi naye Mowlem, alipoanza kuumwa magoti, nikaamua kumrudisha kwenye nyumba hiyo. Akakataa.

"Utapumzika, Mama."

"Nipumzike na nani? Viti?"

"Watu watasema nimekuweka kwa nyumba ya kupanga kama mzigo."

"Hao watu ndio watanichotea maji?"

Shida ilikuwa akina mama wenzake wa kanisa. Walikuja kila wiki kuimba kwetu, wakamsugua magoti kwa mafuta, wakatikisa ghorofa zote mpaka plasta ikadondoka kwenye uji wangu. Hao ndio hakutaka kuwaacha. Basi nikatoa silaha yangu ya mwisho, Kiingereza cha shule ya usiku, nikamweleza habari ya faini.

"Waje wanishike," akasema. "Na wale mayatima wa 'children's home' hapo Umoja, wao wamejenga wapi?"

Nikazidi kuchemka. Yatima ana "home", timu ya mpira ina "home", hata marehemu tukimsafirisha tunasema anaenda "home". Neno gani hili linalobeba kila mtu halafu linamshusha mpangaji njiani?

Nikamwita mwalimu wangu wa Kiingereza wa shule ya usiku, anayekaa jengo la pili, aje anisaidie kumshawishi Mama. Akanywa chai, akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Mama alikuwa akimtazama yeye, si mimi.

"Bwana, hakuna faini," mwalimu akasema. "Huyo seremala alikudanganya. Ni neno la kale la Waingereza. Zamani lilimaanisha makao, hata kijiji kizima, yaani pahali watu wanapokaa pamoja. Halimuulizi mtu amejenga wapi. Mama yako anakaa hapa."