Alama za Baba Kwenye Mninga

Nimesahau mengi, mwanangu, lakini siku moja naikumbuka yote: siku nilipomwita Kashindye mwizi.

Kashindye alikuwa rika langu. Baba alitufundisha sote wawili kutundika mizinga ya magome katika pori la nyuma ya Kakese, na kabla hajafa alisema mizinga yake tugawane sawa. Mimi nilikuwa nimemaliza shule. Yeye hakuwahi kukaa darasani.

Baada ya matanga tuliingia porini. Pale kambini baba alikuwa na mti wa mninga aliouchanja kwa panga kuweka hesabu ya mizinga. Nikakuta alama ndefu mbili na fupi nne. Ndefu nikaziita makumi: ishirini na nne. Tukazunguka pori zima, tukapata kumi na sita.

"Minane iko wapi?" nikamuuliza.

"Minane ipi, kaka? Mbebaji nilikuwa mimi. Ni kumi na sita."

"Mti unasema ishirini na nne."

Akacheka. "Basi uambie huo mti ukuonyeshe njia."

"Mwizi lazima acheke," nikasema.

Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Kashindye aliviringisha kamba yake polepole. "Msomi, baki na hesabu yako." Akaenda Mishamo alikoolewa dada yake. Hakuchukua hata mzinga mmoja.

Kurina asali ni kazi ya watu wawili. Niliifanya peke yangu. Nikishusha ndoo, chini hapakuwa na wa kuipokea. Nilishuka, nikaimimina, nikapanda tena. Siku nyingine nilijikuta nikiwasimulia nyuki habari za nyumbani.

Misimu miwili ikapita. Siku moja nilimlalamikia mama kuhusu ile minane. Alikuwa anapepeta maharage, akaacha.

"We mtoto, alama ndefu ni sita, si kumi! Baiskeli ya baba yako ilibeba mizinga sita. Safari moja, alama ndefu moja. Fupi moja ni mzinga mmoja, ile iliyobaki isiyotimiza safari."

Kisha akaongeza, "Tena sita aliipenda. Alitazama fupi tu. Zikiwa mbili, au nne, au hamna kabisa, watu wawili watagawana sawa. Zikiwa tatu, au hamna, watagawana watatu. Hakuhitaji kuhesabu mizinga yote upya."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Nilisikia tu nyie mmekosana."

Sita mara mbili, na nne juu yake. Kumi na sita. Minane yangu, minane yake.

Nikapanda baiskeli hadi Mishamo. Kashindye alinipa kiti, akaniwekea ugali wa muhogo. Nikamwomba radhi.

"Nilishakusamehe, kaka," akasema. "Lakini porini na wewe sirudi. Siku mzinga ukianguka, nitaogopa macho yako."

Nikamaliza ule ugali, nikarudi na baiskeli yangu peke yangu.

Kuuliza si ujinga, mwanangu. Kumi si sheria ya kila mkono. Kabla hujasoma alama ya mtu, uliza yeye hufunga fungu lake kwa ngapi. Hesabu yako na ya mwenzako zikikataana, anza kuitilia shaka ya kwako. Mzinga utatengeneza mwingine. Rafiki wa ujanani hatengenezwi tena.

Mungu akupe mwenzi wa kazi, na akupe subira ya kumsikiliza. Uzeeke ukiwa na watu, mwanangu.