Maji ya Chumvi Nyumbani kwa Bi Mwanasha

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye maabara ya maji Migori, Mkuu wa Maabara aliweka glasi mbili za maji mezani akaniuliza ningekunywa ipi. Zote zilikuwa angavu. Niliponyoosha mkono kuchukua ya kushoto, akanizuia.

"Hiyo imetoka kisima iko karibu na choo," akasema. "Maji ikiwa safi kwa macho, usiiamini. Pima."

Glasi ile ilikuwa na nitrati nyingi. Nitrati ni chumvi isiyoonekana wala kunuka, inayobaki majini baada ya kinyesi na mabaki ya chakula kuoza. Mtu mzima huenda asihisi kitu, lakini mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo anaweza kudhurika vibaya. Nikafundishwa kuipima: unatia maji kwenye kijichupa cha kioo, unaongeza dawa, unatikisa, unangoja. Maji yakiwa salama rangi hubaki manjano; kadiri inavyokolea wekundu, ndivyo nitrati ilivyo nyingi. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo hiyo kila siku, nami niliipenda.

Kutoka Migori nilihamishiwa Sori kwenye pampu za ziwani, kisha Homa Bay. Meneja wa Homa Bay alikuwa mtu wa sauti ya chini, na aliniita Min Akinyi, mama yake Akinyi, kama walivyoniita majirani.

"Min Akinyi," aliniambia mara nyingi, "watu wakilalamika juu ya maji, usikimbilie bomba. Keti na wao kwanza. Uone vile wanaishi na hiyo maji."

Nilistaafu nikiwa fundi mkuu wa maabara. Nilirudi kwenye bustani yangu ya sukuma wiki nikidhani habari za maji zimekwisha. Ndipo akaja Bwana Hamisi, mwenye duka la vyombo mjini.

Bwana Hamisi ni mtu wa pwani ya kusini. Baba yake alipofariki, alimleta mama yake, Bi Mwanasha, akae naye Homa Bay. Miguu ya mama haikumruhusu tena kutembea mbali, na ziwa letu halikumfurahisha. Alisema halinuki kitu. Kwa hiyo mwanawe akamjengea tangi la kioo sebuleni, akatia samaki wa miambani walioletwa kutoka Mombasa. Maji ya chumvi aliyatengeneza mwenyewe kwa kukoroga unga wa chumvi ya bahari katika maji baridi.

"Wawili wamekufa," aliniambia. "Waliobaki hawana raha, na kioo kinaota ukungu wa kijani. Nabadilisha maji kila wiki, lakini wapi. Wakifa hawa, Mama nitamwambia nini?"

Nilikwenda na vijichupa vyangu. Maji ya tangi yakageuka mekundu kama juisi ya tikiti maji. Nikapima pia maji ya kisima chake cha uani, yale aliyokuwa akikorogea chumvi. Nayo yakawa mekundu. Maskini, kila alipobadilisha maji alikuwa akiongeza nitrati kwa mikono yake.

Nilimwambia atumie maji yaliyochujwa, yale yanayouzwa mjini kwa mitungi. Nikamwonyesha kunyonya uchafu wa mchangani chini ya tangi kwa bomba la mpira, na kuosha sifongo ya kichujio katika maji yaliyotolewa tangini. Maji ya bomba yana klorini, na klorini huua bakteria wanaosafisha tangi. Rangi ikapungua. Halafu, bila sababu niliyoiona, ikaanza kupanda tena.

Nikafanya alivyonifundisha Meneja. Niliomba chai, nikaketi.

Bi Mwanasha alikuwa kwenye kiti chake mbele ya tangi, amejitanda leso. Tulizungumza habari za wajukuu. Kila tuliponyamaza, mkono wake ulichomoka chini ya leso, na chembe za chakula zikaanguka majini. Samaki walikula kidogo. Kilichobaki kilizama mchangani kwenda kuoza.

"Bi Mwanasha," nikasema, "hicho chakula ndicho kinaharibu maji."

Mkono ukasimama. "Yaani mimi ndiye niliyewaua?"

"Sikusema hivyo, Mama."

"Ndivyo ulivyosema." Akageukia kioo. Samaki wawili wa rangi ya chungwa, wenye mistari myeupe, walikuwa wamekuja mbio mbele ya uso wake. "Watazame. Hapa Homa Bay, nani mwingine anijiaye mbio?"

Aliporudi Bwana Hamisi nilimweleza, akataka kuficha kopo la chakula, nami nikamsihi asithubutu. Kwa juma zima Bi Mwanasha hakuitikia salamu zangu.

Nilijua njia moja iliyobaki. Mwani hula nitrati kama mahindi yanavyokula samadi. Ukiuotesha chini ya taa katika tangi dogo, maji ya tangi kubwa yakipita humo, mwani hukua. Ukiuvuna na kuutoa, nitrati imetoka nao. Bwana Hamisi akaagiza fungu la mwani, likaja kwa basi ndani ya mtungi.

Nilipolifungua sebuleni, Bi Mwanasha alinusa, akainuka kwa mkongojo wake bila kusaidiwa.

"Lete hapa," akasema. Akauchambua kwa vidole. "Nimelima mwani miaka, kule kwetu pwani, mimi na wanawake wenzangu. Nani kakwambia uurundike hivi? Utakosa mwanga. Uachanishe, mwanangu, uachanishe!"

Tangu siku ile tangi dogo likawa shamba lake. Anapunguza mwani, anausafisha, anaugombeza. Samaki wanapata chakula kidogo baada ya sala ya alasiri, kwa mkono wake mwenyewe, na kopo linabaki kabatini kwa hiari yake. Rangi kwenye kijichupa imeshuka hadi umanjano mwepesi, na haijapanda tena.

Vijana huniuliza kama sijutii miaka yote ile ya kutazama rangi za maji. Sijutii. Maji yakiwa mazuri hakuna anayekuja kukushukuru. Watu wanakunywa tu na kuendelea na maisha yao, na hilo lilinitosha.

Lakini wiki iliyopita simu iliita nikiwa bustanini. Alikuwa Bi Mwanasha, ananong'ona hata nikadhani mgonjwa.

"Wametaga," akasema. "Wale wawili wa chungwa. Mayai yamejaa jiweni, na dume anayapepea kwa mapezi. Njoo uone. Ila uje polepole, usiwashtue."

Nilinawa udongo mikononi, nikaenda. Mlangoni nilivua viatu, nikaingia kwa kunyata. Kiti cha pili kilikuwa tayari mbele ya kioo, karibu na chake.