Picha ya Nane Kwenye Uwanja wa Gofu

Jirani yangu ni fundi wa pikipiki, na kila akimaliza kazi humwaga oili chafu mchangani. Majirani wengine hulalamika, na wana haki. Mimi husimama hapo kidogo na mkongojo wangu, navuta harufu ile, na mara ninakuwa tena na miaka minane, miguu peku, gauni la kaniki limenipwaya. Msinicheke. Wako watu wanaowakumbuka wazee wao kwa harufu ya maua. Mimi babu yangu namkumbuka kwa oili.

Enzi za Mwingereza, pale Singida mjini kulikuwa na uwanja wa gofu nyuma ya nyumba za wazungu. Usifikirie majani mabichi kama ya kwenye televisheni. Nchi yetu kame, na mwezi wa tisa hata mbuzi hukata tamaa. Kwa hiyo kuzunguka kila shimo walimwaga mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, ukashikamana, mpira ukaweza kubingirika. Kazi ya babu, Mzee Ntandu, aliyelala kibandani hapo uwanjani na kurudi kijijini kwetu Sepuka siku za mapumziko, ilikuwa kukokota gunia juu ya mchanga ule kila wachezaji walipopita, afute nyayo zao. Aliifanya kwa uangalifu sana, ingawa mchezo wenyewe aliudharau. Alisema hajaona kwingine watu wazima wanaotupa kitu chao wenyewe, kisha wakashinda juani wakikitafuta.

Babu alikuwa na binti mmoja tu, shangazi yangu Eliza, muuguzi wa hospitali ya misheni. Miaka miwili kabla ya siku ninayoisimulia, shangazi alikataa kuolewa na mtu ambaye ng'ombe wake walikuwa wameshaingia zizini kwetu Sepuka. Ng'ombe wakarudishwa, babu akaaibika mbele ya wazee wenzake, na tangu hapo hakuitikia tena salamu ya binti yake. Hakumfukuza, hakumtukana. Shangazi alikuja kila alipopata likizo, akasimama wima mbele yake na kusema, "Shikamoo, baba." Babu akawa anaangalia zizi. Siku moja, badala ya kumjibu, alimwuliza mbuzi kama amekunywa maji.

Nilikuwa mdogo, lakini nilijua uzito wa jambo lile. Mtu asiyeitikiwa shikamoo na baba yake hata akila ugali wa hapo anakula kama mpita njia. Mama alimwambia shangazi kwamba dawa iko kwenye magoti. Mabinti wa kwetu waliwaamkia baba zao wamepiga magoti, vichwa vimeinama, na yeye tangu aende misheni alikuwa akisimama.

"Nikipiga magoti, wifi, atajua nimejuta," shangazi alisema. "Na mimi sijajuta."

Basi ikawa hivyo. Mmoja hapigi magoti, mwingine haitikii, na sisi wengine tunakula katikati yao.

Sasa kamera. Muuguzi mmoja mzungu aliporudi kwao alimwachia shangazi kamera ya sanduku, nyeusi, yenye kidirisha juu. Ili uone unachopiga ilibidi uishike tumboni na uinamishe kichwa kuchungulia. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwa kuharibu filamu, kisha akawa anapiga watu wa ubatizo na wa ndoa, nao walisimama mbele yake wamekauka kama nguzo za boma la ng'ombe, hawapumui mpaka awaruhusu.

Mwaka ule nilikuwa nimepelekwa kwa shangazi mjini wakati shule zimefungwa. Habari zikaenea kwamba wachezaji watatu wa kulipwa, waliokuwa safarini kutoka Nairobi, watashindana Singida. Kwamba mtu anaweza kulipwa kwa kazi hiyo, mjini hapakuzungumzwa kingine wiki nzima. Mke wa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, alimjua shangazi kutoka hospitali na alikuwa ameona picha zake. Akamwomba aje apige pigo la mwisho la mshindi, picha ipelekwe gazetini Dar es Salaam. Shangazi alipiga pasi sare yake mara mbili. Mimi nikabeba mfuko wa kamera, nikajiona mtu mkubwa.

Pale uwanjani bwana mmoja mwenye soksi ndefu alitupa sharti moja. Mchezaji akisimama kwenye mpira, mtu asikohoe, asitikisike, asiseme neno. Shangazi akanitafsiria, nami nikaitikia kwa kichwa ili nisiseme neno.

Filamu ilikuwa na picha nane. Ya kwanza ilipotea, maana shangazi, aliyezoea watu wa ubatizo, alimwomba mchezaji arudie pigo lake polepole. Wazungu walicheka sana. Nyingine sita aliziona mwenyewe zikiharibika: hapa fimbo imeshapita, pale mtu kageuka. Tulipofika shimo la mwisho ilibaki moja, na jasho lilikuwa limeuchora mgongo wa sare yake.

Mchezaji aliyekuwa mbele ya wenzake alihitaji kusukuma mpira hatua tatu tu uingie. Shangazi alitaka mtu, mpira na shimo vyote vionekane. Akiwa amesimama, shimo lilikuwa linabaki chini, nje ya kidirisha. Akapiga magoti pale ukingoni, kamera tumboni, kichwa ameinamisha kwenye kidirisha.

Wakati huohuo babu akatokea upande wa pili na gunia lake, akasimama kusubiri zamu yake. Alikuwa karibu, hatua chache mbele yetu. Sikuwa nimemwona kwa wiki mbili. Nikamtazama shangazi, nikaona haamkii. Yeye ambaye hakuwahi kuacha kumwamkia, hata kwa miaka miwili ya kutojibiwa, leo yuko kimya. Nikaona aibu kwa niaba ya ukoo mzima. Nyumbani ukimpita mkubwa bila salamu ulichapwa, na habari za wazungu na mipira yao hazikuingia katika sheria hiyo.

"Shikamoo, babu."

Katika ukimya ule sauti yangu ilifika mpaka yalipoegeshwa magari. Mchezaji akainua kichwa, kisha akauinamia mpira upya. Babu alinitazama. Kisha akamtazama binti yake pale chini kwenye mchanga, akamtazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kumtazama mtu. Halafu akajibu kwa sauti ileile anayoitia ng'ombe.

"Marahabani, wanangu."

Mkono wa mchezaji ulishtuka. Mpira ukapita pembeni ya shimo na kwenda zake, naye akageuka kutafuta nani kasema. Hapo ndipo nikasikia kamera ikilia.

Yule wa soksi alikuja mbio, uso umeiva. Mchezaji mwenyewe alicheka na kumzuia, lakini ushindi ulimponyoka. Shangazi hakuinuka. Machozi yalikuwa yanamdondoka juu ya kamera, nami nikajua nimemharibia picha yake ya gazetini. Nikasubiri kofi. Halikuja wakati ule, halikuja njiani, wala halikuja nyumbani, na kusubiri kofi kwa siku tatu ni adhabu kubwa kuliko kofi.

Picha iliposafishwa ilimwonyesha mzungu amegeuza shingo, mdomo wazi, mpira hauonekani. Gazeti lingeifanyia nini? Shangazi aliitundika ukutani kwake. Alipokuja Sepuka likizo iliyofuata alisimama wima kama kawaida, na kabla hajamaliza kusema shikamoo babu alikuwa ameshaitikia. Nilidhani uzee umemlainisha.

Nilikuja kuwa mwalimu. Asubuhi darasa zima linasimama, "Shikamoo, mwalimu," nami najibu, "Marahabani," maana ni wengi. Siku moja mtoto mmoja alichelewa, akaniamkia peke yake mlangoni, na ulimi wangu ukajibu kwa mazoea, "Marahabani." Darasa likacheka. Mmoja akasema, "Mwalimu, mbona yuko peke yake?" Niliweka chaki chini. Siku ile uwanjani niliyeamkia nilikuwa mimi peke yangu, na babu alikuwa amewaitikia wawili.

Jumamosi nikaenda kwa shangazi. Alikuwa ameshastaafu, nikamkuta anapepeta mtama.

"Shangazi, siku ile ya gofu ulimpigia babu magoti?"

"Nilitaka shimo lionekane," akasema. "Wewe si ulikuwepo?"

"Na yeye akadhani unamwamkia."

"Alidhani."

"Hukumwambia ukweli, miaka yote ile?"

Aliutikisa ungo, akaacha makapi yaende.

"Nimwambie baba yangu kwamba yale magoti yalikuwa ya mpira wa mzungu?"

Babu alikufa akiamini kwamba binti yake alimwomba radhi mbele ya wazungu wote wa Singida. Mimi ni mtu wa kupenda ukweli kupita kiasi, wanangu wanalijua hilo, na nilikwenda pale nikiwa tayari kumlaumu. Nilichukua ungo wa pili nikamsaidia kupepeta.