Ndani ya Tela na Karai la Maji

Wasomaji, mnivumilie kwa makosa ya herufi na kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka juu ya mstari. Niliishia darasa la nne, na neno moja hunichukua muda mpaka wino unakauka kwenye kalamu.

Mjomba wangu ni dereva wa Mzungu mmoja hapa Tabora. Mzungu huyo na mkewe wakipata likizo hufunga tela nyuma ya gari, wakaifuata njia ya zamani ya misafara, wakilala porini kwa starehe yao. Tela ni chumba cha bati chenye kitanda, jiko la mafuta ya taa na madirisha mawili madogo. Bibi huyo wa Kizungu hawezi kulala kichwa kikiwa chini kuliko miguu, kwa hiyo kila tunapotua lazima tela isimame sawasawa. Pima maji ilivunjika zamani. Badala yake mjomba huniingiza mimi na karai la maji.

Yeye hukaa nje na jeki, akiinua pembe hii na ile na kusukuma mbao chini ya miguu ya chuma. Mimi hufungiwa ndani, kwa kuwa mlango ukiwa wazi hupigapiga na kuyatikisa maji. Nachutama, natazama maji yamepanda ukingo upi, halafu natakiwa kupaza sauti: pandisha, shusha, acha.

Lakini huyo ni ndugu wa mama yangu. Nyumbani nililelewa kwamba mkubwa haamrishwi. Basi nilikuwa nikisema, "Mjomba, samahani, naomba ushushe kidogo." Nikifika kwenye neno "kidogo", pembe imekwisha kupita kiasi.

"Unanong'ona na nani humo?" alikuwa akinitania. "Umeoa?"

Safari moja, baada ya mvua, tuliipita Kwihara tukielekea Sikonge, tukatua kwenye shamba lililoachwa, matuta ya viazi bado yapo. Tela ilikwisha kufunguliwa kwenye gari. Nilikuwa nimefika kwenye "samahani" niliposikia jeki ikizama ndani ya tuta. Tela ikalala upande, mlango ukabanwa na mti wa mninga. Karai liliteleza, nusu ya maji ikanimwagikia. Jiko likaanguka. Nilijaribu dirisha, kichwa hakikupita.

"Umeumia?" mjomba aliuliza.

"Hapana, mjomba. Shikamoo."

Sijui kwa nini nilimwamkia. Tulikuwa tumeamkiana tangu asubuhi.

Akapeleka jeki upande wa mti, ainue huko ili mlango uachie. Kila alipozungusha, maji yaliyobaki hayakwenda upande. Yalikimbilia nyuma, kulikokuwa na korongo. Nikajua magurudumu yameyaruka mawe tuliyoyawekea kuyazuia. Yeye alikuwa ameinama, hakuona.

"Mjomba, samahani..."

Tela ikasogea. Nikaona matawi yanapita dirishani.

"Wewe! Acha!" nikapiga kelele. "Acha, wewe! Weka mawe nyuma!"

Kisha nikasikia mawe yakigongwa chini ya magurudumu, na jembe likichimba tuta upande wa juu, mpaka tela ikasimama na mlango ukafunguka.

Mjomba alinitazama toka kichwani hadi miguuni, nimelowa.

"Umeniita nani?"

"Nisamehe, mjomba."

"Nikusamehe nini? Leo ndiyo nimekusikia! Hataingia mwingine humo. Kazi hii ni yako mpaka uoe."

"Na akioa ataingia na mkewe, amshikie karai," mpishi wa Mzungu alidakia kutoka kwenye moto. Wakacheka, nami nikacheka nao. Mama aliposikia kwamba kazi ni yangu alishukuru sana, akampelekea kaka yake kuku.

Tangu siku hiyo, mlango ukifungwa, mikono inanitetemeka mpaka maji yenyewe hayatulii. Nimejaribu kumwambia mjomba kwamba sitaki tena. Tela ikitaka kuanguka naweza kumpigia kelele. Tukiwa tumekaa kwa amani, siwezi. Naanza na samahani, naye ananisukuma ndani kwa upole, anafunga.

Kesho kutwa tunaondoka tena. Kama yuko msomaji aliyewahi kumkatalia mkubwa wake kazi bila kuvunja udugu, tafadhali aniandikie, anieleze alianza na neno gani.