Ukuta Usiovuja

Uchoyo una mavazi mengi, na lile la heshima kuliko yote huitwa maendeleo. Nasema hivi kwa kuwa nimelivaa mwenyewe. Dada yangu Fransiska, aliyeolewa Kahe, aliniandikia kwamba mto wao umeisha samaki, na kwamba mumewe, Yohana, anataka kuacha uvuvi wahamie kwenye mashamba ya miwa. “Njoo uone kabla hatujafunga mlango,” alimalizia. Nikaomba ruhusa shuleni, nikaondoka.

Kutoka Moshi nilipanda treni ya asubuhi. Masika yalikuwa yameanza, lakini nyuma yetu mlima ulikuwa umejifunua wote, jambo linalowafurahisha hata waliozaliwa chini yake.

Kahe, saa nne. Chanja ya Fransiska ya kukaushia samaki ilikuwa imeanikwa nguo za watoto. Hata hivyo alinipokea kwa kicheko.

“Mwalimu, umekuja kuhubiri au kula?”

“Vyote viwili.”

“Basi hubiri kwanza, maana mboga ni mlenda.”

Yohana alinieleza kuwa kila masika samaki aina ya ningu hupanda mto kwenda kutaga kwenye vijito vya juu. Wasipotaga, hakuna vifaranga watakaoshuka.

“Wanapanda, shemeji,” akasema, “ila kuna mahali wanapogonga. Twende ukawaone.”

Alasiri tulifika mwanzo wa mteremko. Ningu walikuwa wanazunguka katika dimbwi dogo, wanaruka, wanagonga ukuta wa saruji, wanaanguka. Niliutambua ukuta ule. Ulikuwa wa ukoo wetu. Hapo ndipo unapoanzia mfongo wetu, mfereji unaopeleka maji vihambani, kwenye mashamba yetu ya migomba na kahawa. Baba zetu waliziba mto kwa mawe na vigogo vya migomba. Saruji ilipoanza kupatikana madukani bila kibali, tulichanga, tukajenga ukuta usiopoteza hata tone, na siku ya kuuzindua mimi ndiye niliyehutubia. Yohana alijua hayo yote. Alimwokota ningu mmoja aliyeangukia kando, akamrudisha majini, nami ningependelea anitukane.

Jumapili, baada ya misa, niliukabili mkutano wa ukoo huko juu, nikaomba ukuta ufunguliwe samaki wapite. Mzee wa mfongo, anayegawa zamu za maji, alinisikiliza hadi mwisho.

“Mwalimu,” akasema, “samaki wa Kahe wana kihamba huku tangu lini?”

Watu wakaangua kicheko, na hoja zangu zote zikazama. Ndipo Bibi Manka, mjane wa mzee wa mfongo aliyetangulia, aliyekuwa ameketi kando na kata yake ya mbege, pombe yetu ya ndizi, akauliza:

“Nyie mnadhani mume wangu hakujua kuziba?”

“Shikamoo, bibi. Migomba huvuja tu,” akajibu mzee wa mfongo.

“Marahaba. Ilivuja kwa kuwa iliachwa ivuje. Kila masika alichomoa vigogo viwili kwa mkono wake, akisema aliye chini naye ameamka na njaa. Nyie mmeziba maji, mkaziba na adabu.”

Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee wa mfongo aliinuka.

“Basi fundi aitwe,” akasema.

Jumamosi iliyofuata ulipigwa msaragambo, kazi ya wote, na watu wa Kahe wakapanda na majembe yao. Fundi yuleyule aliyeujenga ukuta aliuvunja katikati, huku akilalamika kwamba saruji yake ilikuwa nzuri mno. Tulipanga mawe kama ngazi, na juu yake vigogo vya migomba, vikiwa na nafasi kati yao.

“Wachagga, mbege iko wapi?” akauliza mtu wa Kahe.

“Inawangoja samaki wenu. Wakichelewa tunamaliza wenyewe.”

Hawakuchelewa. Maji yalipopita, ningu mmoja aliruka jiwe la kwanza, akapumzika, akaruka la pili, akapita. Akafuata mwingine, kisha kundi. Kina mama walipiga vigelegele. Yohana alisimama mtoni, maji magotini, akicheka peke yake, na mfongo wetu uliendelea kutiririka kuelekea kwenye kahawa.

Jioni nilirudi Moshi nikiwa nimelowa na mwenye furaha. Nimesoma vitabu vingi juu ya haki. Hakuna kilichonifundisha kwamba tundu laweza kuwa kazi ya mtu mwenye akili, wala kwamba kusifia kuzibwa kwake ni ujinga wa msomi.

Fransiska hakuhama. Nikishuka Kahe watu husimama njiani kunishukuru, nami huwasahihisha kila mara: aliyeufungua mto ule ni Bibi Manka.